Kiti cha Kulindia Kahawa

Kama nyumbani kwenu kuna mtu mzima anayelala ameketi, na kila mkimuuliza ana sababu nzuri, nisikilize. Sababu ya baba yangu ilikuwa wezi wa kahawa. Sababu yangu mimi ilikuwa vidonda vya tumbo. Sababu ya kaka yangu ilikuwa baba. Ukoo wetu haujawahi kukosa sababu, tulichokosa ni kipimo.

Mimi ni Adelina, Mama Kemi, ninalima Nyaishozi lakini nimezaliwa Kibingo, upande wa Kyerwa. Nina ugonjwa wa moyo. Daktari hapendi niseme nimepona, basi sisemi. Nasema tu kwamba wiki iliyopita nilibeba mkungu wa ndizi kutoka chini kabisa ya kibanja, shamba letu la migomba, hadi jikoni bila kupumzika, na nikapita nao makusudi mbele ya jirani yangu mmoja aliyekuwa ameshanitabiria jeneza. Nikamsalimia vizuri.

Ilianza wakati wa kuchuma kahawa. Nilikuwa nimetoka kuugua malaria, nikaingia shambani kabla nguvu hazijarudi, maana kahawa ikiiva haimsubiri mgonjwa. Nikachoka, nikasema ni malaria. Malaria ikaisha, uchovu ukabaki. Nikipanda kutoka kisimani nilianza kusimama katikati ya mteremko na kujifanya natazama migomba ya watu. Kisha miguu ikavimba. Jioni nikivua kandambili, alama za mikanda zilibaki ndani ya nyama, na nikibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Kemi, binti yangu mkubwa, alikuwa akichuchumaa kulitazama lile shimo likijaa polepole, mpaka siku moja nikamfukuza kwa maneno makali. Yule mtoto hakuwa akicheza. Alikuwa anaogopa, na mimi pia.

Tumbo nalo likajaa. Kwenye jumuiya wanawake wakaanza kunipongeza. "Mama Kemi, kumbe bado una nguvu za kulea," akasema mmoja, na wote wakacheka, nami nikacheka nao. Nikarudi nyumbani nikalia, kwa sababu nilijua sina mimba na sikujua nina nini.

Zahanati nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, baadaye za pumu. Siwalaumu. Nilikuwa napeleka ugonjwa wangu vipandevipande: leo tumbo, wiki ijayo kikohozi, wiki nyingine miguu. Hakuna aliyewahi kuuona wote kwa pamoja, hata mimi mwenyewe. Kama una dalili tatu, zipeleke zote siku moja.

Usiku nilikuwa nikilala chali nahisi kama nazama. Nikaongeza mto. Nikaongeza mwingine. Mwishowe nikawa naegemea gunia la maharage, na mume wangu Projestus akasema kitanda kimegeuka ghala. Alisema kwa utani, lakini hakulala. Nilikuwa nasikia jinsi anavyosikiliza pumzi zangu.

Hapo niseme jambo la huyu Projestus, kwa kuwa ndilo lililoniweka hai kabla dawa hazijafika. Kwetu mwanamume hamenyi ndizi. Anaweza kulima, kukata mikungu, kujenga, lakini kisu cha kumenyea si chake. Mimi nilipofika hatua ya kushindwa hata kuinama, nilitoka nje asubuhi moja nikamkuta ameketi jikoni ameshika ndizi, anazimenya vibaya, ameacha maganda ya kijani kila mahali. Kaka zake walipita wakamcheka mpaka barabarani. Mama mkwe wangu akaja kumwambia atafute msichana wa kazi, hii ni aibu. Projestus hakuinua kichwa. "Mama," akasema, "mkinizikia mke wangu nitamenya vilevile. Afadhali nimenye akiwa anakula." Zile ndizi zilikuwa na ladha ya maganda. Nilizila kama karamu.

Msimu wa senene ulipoingia nilikuwa siwezi kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Jumapili moja kanisani watu wote walisimama, mimi nikabaki nimeketi, na si kwa kutaka. Nikapakiwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na Projestus, nikapelekwa hospitali ya misheni, na wao hawakukaa na mimi sana, wakaniandikia niende hospitali kubwa Mwanza.

Kuhusu kusubiri ningeweza kuongea mpaka kesho. Kuna benchi la kusubiri kuandikishwa, benchi la kusubiri damu, benchi la kusubiri picha ya moyo, na kwenye kila benchi unajifunza magonjwa ya watu kabla hujajua majina yao. Mama mmoja wa Muleba, mke wa mfanyabiashara wa dagaa, aliniangalia miguu, akaigeuza ndoo yake chini juu, akasema, "Weka hapo, dada." Vyombo vyake vyote vya hospitali alivimwaga kwenye khanga ili mimi nipate pa kuweka miguu. Sikuonana naye tena. Kila nikiona ndoo ya bluu namwombea.

Daktari wangu alikuwa msichana wa Tanga, mdogo, anaongea Kiswahili kitamu kuliko cha redioni. Alinipaka kitu cha baridi kifuani, akatazama kwenye skrini muda mrefu, kisha akaniambia moyo wangu umetanuka, kuta zimelegea, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanarudi miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Akanipa vidonge vya kukojoa na vingine vya kuusaidia moyo. Akakataza chumvi. Nikamwambia, "Daktari, sasa hivi kwetu watu wanakaanga senene." Akasema wanaweza kukaangwa bila chumvi. Nikaitikia kwa heshima. Yule mtoto hajawahi kula senene wasio na chumvi.

Akauliza pia, "Mama, unakunywa kahawa?"

"Hapana," nikajibu. "Kwetu hatunywi. Tunalima tu."

Na nilikuwa nasema kweli. Siku ya tatu alipita wodini asubuhi akanikuta nimefungua fundo la khanga, natafuna. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni akamwani, kahawa yetu, zinachemshwa mbichi na majani yake, zinakaushwa, mtu anatafuna. Akashika kichwa. "Nimekuuliza juu ya kahawa, mama."

"Umeniuliza kama nakunywa," nikamwambia. "Umeona mimi nakunywa?"

Wodi nzima ilicheka, hata bibi wa kitanda cha pembeni aliyekuwa hajasema neno tangu afike. Daktari naye akacheka, akaketi kitandani kwangu, akataka kujua natafuna ngapi. Nikamweleza kwamba haihesabiwi, kwamba kila nyumba unayoingia unaletewa kikapu kidogo, na kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba unamshuku. Tangu nilipougua wageni walikuwa hawakatiki, na kila mmoja tulitafuna pamoja. Moyo wangu ulikuwa unakimbia, nami nazidi kuuchapa. Tukapatana: moja ya adabu, basi.

"Na kuna mtu aliwahi kukataliwa kahawa yake?" akauliza, kwa kutaka tu mazungumzo. Ndipo nikamwambia habari ya Tata.

Tata ni baba yangu. Alikufa mimi nikiwa nimeolewa karibuni. Alikuwa ametoka kwa jirani yetu, Mzee Bitegeko, akiwa na kahawa ya nyumba ile mdomoni, akaanguka njiani kabla hajafika kwenye mpaka wa kibanja chetu. Hakuinuka. Watu hao wawili walikuwa wamewahi kugombania mpaka, basi hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kaka yangu mkubwa, Deo, alisema mbele ya wafiwa kwamba kahawa ile ilikuwa na kitu, na tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba yetu aliyempa Mzee Bitegeko salamu wala kugusa kikapu chake.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakuuliza juu ya sumu. Aliuliza, "Kabla hajafa, baba alikuwa analalaje?"

Tata alikuwa analala kwenye kiti. Mwaka wake wa mwisho wote alilala kwenye kiti cha mbao mlangoni pa ghala, blanketi begani, panga mapajani, akasema analinda kahawa dhidi ya wezi. Tulimsifu sana. Tulisema hakuna mzee jasiri kama wetu. Alikuwa na kikohozi, tukasema ni baridi ya nje. Alikuwa na miguu minene, tukasema ni kukaa sana. Na mimi sasa nilikuwa hapo wodini, nimeinuliwa kwa mito mitatu, miguu yangu imening'inia kama yake.

Nikalia kwa sauti. Yule msichana akanishika mkono, akaniuliza tena kwa upole kama kuna wengine. Baba mdogo alianguka shambani akiwa bado kijana. Shangazi alivimba baada ya kujifungua, akafa, tukasema ni uzazi. Kila mmoja tulimtafutia muuaji wake.

Alichukua damu yangu ikasafirishwa mbali, na majibu yalikuja masika ikiwa inaisha, nilipokuwa tayari nalala na mto mmoja. Alinieleza, nami nakueleza nilivyoelewa, basi usinishike kwa kila neno. Moyo haupumziki. Ndani ya misuli yake kuna protini zinazovutana kutwa kucha, zinachoka, zinajikunja vibaya. Mwili una protini nyingine za kuzinyoosha. Lakini hizo za kunyoosha hazijitoshi, zina msaidizi anayezionyesha hii inyooke, hii imeharibika, itolewe nje. Msaidizi huyo anaitwa BAG3, jina kama namba ya pikipiki. Sisi katika ukoo wetu baadhi tumezaliwa na nusu yake tu iliyo nzima.

Nikamwambia nimeelewa. Kwenye harusi kila mtu anamjua mpishi mkuu. Hakuna anayemjua mama yule anayeokota maganda, anayesuuza sufuria, anayesema hizi zimeoza zitoe. Siku ya kawaida hata asipokuwepo mtakula. Siku ya wageni wengi, asipokuwepo, maganda yanajaa jikoni mpaka mpishi mwenyewe hana pa kukanyaga. Malaria yangu na kahawa ya kuchuma vilikuwa wageni wengi. Daktari akasema angependa kuwaambia wanafunzi wake hivyo. Nikaenda nayo nyumbani ile sifa, nikamsimulia Projestus mara nyingi kupita kiasi.

Sasa sikiliza. Katika wiki hiyohiyo wifi yangu Saverina, mke wa Deo, alinipigia simu kunijulia hali. Akacheka akasema, "Kaka yako siku hizi amekuwa baba yenu kabisa. Amekitoa kile kiti cha mzee, analala mlangoni pa ghala, analinda kahawa."

Nikamwuliza, "Kahawa gani, Saverina, na hatujaanza kuchuma?"

Nilisikia kuku wa kwake tu.

Nilienda Kibingo siku iliyofuata. Deo nilimkuta ameketi kwenye kiti kile, mchana, na kabla ya kumsalimia nikatazama viatu vyake. Alikuwa amevaa viatu vya wazi, kamba zimefunguliwa zote. "Shikamoo kaka," nikasema. Akaitikia, akanisifu nimenawiri. Nikamweleza yote: moyo, damu, yule msaidizi, Tata, baba mdogo, shangazi. Nikamwambia aende kupimwa. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwa Tata, hapo uso ukafunga.

"Tata alilishwa," akasema.

"Tata aliumwa, kaka. Aliumwa mwaka mzima mbele ya macho yetu."

"Wewe umeolewa Nyaishozi. Mambo ya nyumba hii usituletee kutoka Mwanza."

Hiyo ndiyo fimbo wanayotuchapia. Binti aliyeolewa haiti kikao cha ukoo wake wa kuzaliwa, na wala hamwelekezi kaka yake mkubwa. Mama yetu alikuwa ameketi kwenye mkeka anasikia, akainamisha kichwa. Nilimwomba Deo kwa upole, nikamwomba kwa machozi, nikaondoka mikono mitupu. Nilirudi mara nyingine wakati wa kuvuna maharage. Alikuwa anahema akitoka chooni. Akaniambia ni vumbi la maharage.

Nilikuwa na hasira ambayo daktari angenikataza. Lakini hasira nayo ina akili zake. Deo alikuwa anamuoza binti yake wa kwanza baada ya mavuno ya kahawa. Na kama binti aliyeolewa hana sauti kwenye ukoo, kuna mahali pamoja ana sauti kuliko wanaume wote: yeye ni shangazi. Shangazi ndiye anayemfunda bibi harusi, na ndiye anayemshika mkono kumtoa ndani siku ya kuagwa. Pasipo shangazi, wageni watakula, watakunywa, lakini binti hatatoka chumbani. Na Deo dada hana mwingine, ni mimi tu.

Nikampigia simu. "Kaka, harusi ya mtoto wako mimi siji."

Akadhani ninaumwa. "Umezidiwa?"

"Mimi mzima. Wewe ndiye unaumwa. Siku utakayonionyesha karatasi kwamba umepigwa picha ya moyo, siku hiyo namfunda mtoto. Vinginevyo mtafute shangazi dukani."

Alinitukana, na alinitukana kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, ili nisikie vizuri. Wakwe wakasikia, wazee wa ukoo wakanipigia mmoja mmoja. Nikawajibu wote kwa adabu na sikusogea hata kidole. Projestus alikuwa anamenya ndizi pembeni, sasa anamenya vizuri kuliko dada zake, akasema, "Utagombana na ukoo mzima." Nikamwambia ukoo mzima uko makaburini, waliobaki ndio nagombana nao ili wabaki.

Deo mwenyewe alikuja Nyaishozi. Alishuka kwenye pikipiki akakaa kwanza kwenye jiwe la mlangoni, muda, ndipo akaweza kusema. Hakutaja harusi. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama chini, "Adelina, unataka kuniambia nimemnyima mzee wa watu salamu miaka yote hii bure?"

Hapo nikajua alichokuwa anakiogopa, na hakikuwa kipimo. Ningeweza kumpoza. Sikumpoza. "Bure kabisa, kaka," nikasema. "Lakini huyo mzee yupo hai na wewe upo hai. Tata hana nafasi hiyo."

Tulikwenda Mwanza pamoja. Kwenye benchi nilimwekea miguu juu ya ndoo, nimeinunua ya bluu kwa ajili hiyo. Moyo wake ulikuwa umetanuka, ila kuta hazijalegea kama zangu zilivyokuwa. Daktari akasema tumewahi. Niliposikia neno hilo, tumewahi, nilitoka nje nikasimama kwenye korido, nikajivunia nafsi yangu peke yangu bila mtu wa kuniona. Sioni haya kusema. Katika ukoo wetu sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuwahi. Watoto wetu sasa wanapimwa, wangu na wake, nao wanakwenda wakinung'unika kama watoto wote.

Ilipofika wakati wa kualika watu wa harusi, Deo alikuwa amekwisha rudi kulala kitandani, na Saverina alilalamika kwamba anakoroma. Jioni moja nikiwa Kibingo alinijia nyumbani kwa mama, amevaa shati safi. "Shangazi wa bibi harusi," akasema, "nisindikize."

Tulipita ile njia ambayo Tata hakuimaliza. Mzee Bitegeko alikuwa nje anaanua kahawa, amezeeka, mgongo umepinda. Alituona akasimama tu na ungo mkononi. Deo akainama, "Shikamoo mzee." Mzee akauweka ungo chini, akaitikia, "Marahaba."

Akatukaribisha ndani. Akaleta kikapu kidogo, akakiweka katikati, akasogeza mkono wake haraka. "Najua hamtachukua," akasema. "Lakini mgeni hatoki kwangu bila kuonyeshwa kahawa."

Deo akachukua moja. Akaipasua kwa meno, punje mbili, akanipa mimi moja, akatafuna ya kwake. Mzee Bitegeko alitazama taya la kaka yangu mpaka alipomeza.

"Baba yenu," akasema baadaye, "ule mwaka alikuwa akifika hapa anakaa kwanza, ndipo anasalimia. Nilitaka kuwaambia msibani. Hamkunipa nafasi."

"Hukumuuliza?" Deo akasema.

"Nilimuuliza. Alisema anachoka kwa kulinda kahawa."

Deo akafunika uso kwa kiganja. Mimi na mzee tukamwacha alie. Alipomaliza akajifuta, akamtajia Mzee Bitegeko siku ya harusi, akamwambia atakaa mbele, upande wa baba wa binti. Kisha akanyoosha mkono tena kwenye kikapu, nami nikampiga kofi mkononi, maana daktari amesema moja.